Miadi Katika Kalenda ya Ofisi: Wenzetu Wanaona Nini?

Leo tunaitazama kalenda ya programu ya Outlook, inayotumika katika ofisi nyingi za shule, hospitali na mashirika. Wengi wetu tunajua kuandika miadi ndani yake. Tunachosahau ni kwamba kalenda ya ofisi ina wasomaji wawili: mwenyewe, na mwenzake anayetaka kujua kama ana nafasi. Miadi ileile yaweza kumwambia kila mmoja jambo tofauti. Ndiyo maana inafaa tujifunze kuipanga inavyoonekana. Mahali pa vitufe hutofautiana kidogo kati ya toleo moja na jingine, lakini mambo yenyewe ni yaleyale.

1. Hali ya miadi

Tukifungua miadi yoyote, tutakuta kisanduku kilichoandikwa "Show As", yaani "ionekane kama". Humo mna hali tano:

- "Free": nina nafasi.
- "Tentative": sijathibitisha.
- "Busy": nina shughuli.
- "Out of Office": sipo ofisini.
- "Working Elsewhere": nafanya kazi, lakini mahali pengine.

Kwa kawaida wenzetu ndani ya taasisi wanaona hali hizi tu, bila maelezo ya ndani, mpaka sisi wenyewe tuwape ruhusa zaidi. Basi hali tuliyoichagua ndiyo jibu letu kwa kila anayetutafuta.

Hapa pana mtego. Tukiandika miadi ya saa fulani, programu huiweka yenyewe kuwa "Busy". Lakini tukitia alama ya siku nzima, huibadilisha kuwa "Free". Sababu inaeleweka: mambo mengi ya siku nzima ni kumbukumbu tu, kama siku ya kuzaliwa ya mtu, nayo hayamzuii mtu kufanya kazi. Tatizo huja tunapoandika likizo au safari.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa taaluma anaandika likizo yake ya siku tano kama jambo la siku nzima. Kwake yeye neno "Likizo" linaonekana wazi juu ya kila siku. Mkuu wa shule anapotafuta siku ya kikao cha mitihani, anaona mwalimu ana nafasi wiki nzima, anapanga kikao Jumatano. Hakuna aliyedanganya, lakini kikao kinaharibika. Dawa yake ni kubadili hali iwe "Out of Office" kabla ya kuhifadhi.

2. Faragha

Mara nyingi katibu muhtasi hupewa ruhusa ya kuona kalenda yote ya mkuu wake. Hapo kichwa cha miadi kinasomeka. Tukiandika "Kikao cha nidhamu" pamoja na jina la mtumishi, au "Kliniki" pamoja na jina la ugonjwa, tumeitoa siri ya mtu bila kufungua kinywa.

Programu ina alama ya kufuli iitwayo "Private". Tukiibofya, mwenye ruhusa ya kutazama anaona kwamba muda umeshikwa na kwamba miadi ni ya faragha, basi. Hata hivyo kufuli hii ina mipaka mitatu:

Kwanza, tunapomteua mtu kusimamia kalenda yetu, kuna kisanduku kinachomruhusu kuona hata mambo ya faragha. Tuhakikishe tunajua kama kimetiwa alama.

Pili, Microsoft wenyewe, watengenezaji wa programu hii, wanaonya kwamba tusiitegemee alama hiyo kama ulinzi kamili, kwa kuwa mwenye ruhusa ya kusoma kalenda anaweza kuyafikia maelezo kwa njia nyingine.

Tatu, karatasi iliyochapishwa husomwa na kila apitaye. Katika matoleo ya kompyuta ya siku nyingi, mipangilio ya kuchapisha ina sehemu ya kuficha maelezo ya miadi ya faragha. Ni lazima tuichague.

Kwa hiyo kanuni iliyo salama ni hii: tuandike kichwa ambacho hata kikisomwa na mtu mwingine hakitamwaibisha yeyote. "Mazungumzo, ofisini" yanatosha. Jina na kisa vikae mahali pengine.

3. Macho yetu wenyewe

Kalenda hugawanya siku katika vipande vya dakika 30. Ofisi inayopokea watu kwa dakika 10 au 15 inaweza kupunguza vipande hivyo, ili kila miadi ionekane kwa urefu wake halisi. Miadi miwili ikigongana, visanduku hukaa ubavu kwa ubavu, vikawa vyembamba, na herufi chache tu za mwanzo husomeka. Tuanze basi na neno lenye uzito: "Bodi: kikao cha fedha", siyo "Kikao cha kawaida cha wajumbe wa bodi".

Rangi nazo husaidia zikiwa chache. Tunaweza pia kuweka sharti, kwa mfano kila miadi yenye neno "Bodi" iwe nyekundu. Tukumbuke kwamba rangi ya sharti huonekana kwetu tu. Mwenzetu hatajua kwamba jambo lina uzito kwa sababu sisi tunaliona jekundu.

4. Saa

Sisi husema saa nne asubuhi. Kalenda huonyesha 10:00. Anayeandika 4:00 kwa haraka ameweka kikao saa kumi alfajiri. Tusome saa kwa sauti kabla ya kuhifadhi.

Wanaoshirikiana na wenzao wa Ulaya wana jambo la ziada. Kati ya Roma na Afrika Mashariki, tofauti ni saa 1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na saa 2 miezi mingine. Kikao kilichopangwa huko saa 10:00 kila wiki kitaonekana kwetu 11:00, kisha 12:00. Kalenda haijakosea, mradi kanda yetu ya saa imewekwa sawasawa. Tunaweza kuonyesha kanda zote mbili ubavuni.

Zoezi

Tumwombe mwenzetu mmoja afungue kalenda yetu katika kompyuta yake, atusomee anachokiona. Kisha tujiulize:

1. Je, siku ambazo hatupo zinaonekana hivyo kwake?
2. Je, kuna jina au kisa ambacho hakupaswa kukijua?
3. Je, akipanga kikao kwa kufuata anachokiona, atatukuta?

Pale tunapojibu vibaya, turekebishe leo, kabla mtu hajapoteza safari yake au heshima yake.