Mgomba Ukiugua, Upasue Kwanza: Mafunzo Niliyopata Mugoma

Kwetu Mugoma, wilayani Ngara, mgomba hulisha nyumba na hulipa ada ya watoto. Ndiyo maana ukinyauka hata mmoja, kila mtu huja na dawa yake: huyu majivu, yule dawa ya kuogeshea ng'ombe, mwingine anasema tusubiri mvua. Nimelima migomba miaka mingi, na majirani huniita wakiona dalili wasizozielewa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Usitibu usichokijua

Jani la njano linaweza kuletwa na ukame, udongo uliochoka, fukusi, ugonjwa wa Panama au mnyauko wa bakteria. Kila tatizo lina njia yake. Kabla ya kutoa hela dukani, zunguka shina lote. Ugonjwa wa Panama huanza na majani ya chini, ya zamani. Hugeuka njano, huvunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina. Mnyauko wa bakteria unaweza kuanza na jani lolote, hata changa, na ndizi huiva kabla hazijakomaa.

2. Pasua uone ndani

Kata kidole kimoja cha ndizi. Ukikuta nyama yake ina rangi ya kutu, huo ni mnyauko. Kisha kata shina usubiri dakika chache: likitoa uji mzito wa njano mpauko, shaka imekwisha. Panama haitoi uji huo wala haiozeshi ndizi. Huacha mistari ya kahawia yenye wekundu ndani ya shina. Kumbuka pia aina ya mgomba. Panama tunayoijua huku hushambulia ndizi za pombe na za kuivisha, lakini ndizi zetu za kupika huistahimili. Mnyauko hauchagui.

3. Ua dume litolewe kwa mti wenye panda

Mnyauko ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa hapa Tanzania, mkoani kwetu Kagera. Nyuki na wadudu wengine huubeba kutoka ua dume la mgomba mgonjwa hadi kwenye makovu mabichi ya ua la mgomba mzima. Kwa hiyo, chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa kulizungusha na mti wenye panda. Usitumie kisu, maana kisu nacho hubeba ugonjwa. Kazi hii haina gharama, na mtoto wa shule anaiweza.

4. Panga lisafishwe kabla ya kuhamia shina jingine

Mapanga yanayopogolea shamba zima bila kusafishwa husambaza mnyauko haraka mno. Pitisha panga kwenye moto hadi lipate joto kali, au lioshe kwa Jik, kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji. Mkataji wa ndizi anayekuja na panga lake, mwombe kwa heshima atumie la kwako.

5. Mnyauko hauna dawa, lakini unazuilika

Hakuna sumu ya dukani inayouponya. Zamani tulielekezwa kung'oa kichaka chote cha mgomba, kazi ambayo mama mjane au mzee hawezi kuimaliza. Njia iliyojaribiwa Kivu, mashariki mwa Kongo, ni nyepesi zaidi: kata shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, mara tu dalili zinapoonekana, kwa panga lililosafishwa, na urudie kila linapojitokeza jingine. Bakteria hawafiki katika kila chipukizi, hivyo ukiwahi, mengi hupona. Mabaki usiwape mbuzi wala ng'ombe. Shamba likiangamia lote, panda maharage au mahindi kwa takriban miezi sita kabla ya kurudisha migomba.

6. Mgomba ukianguka wenyewe, tazama chini

Kama hakuna upepo, chimbua tunguu. Mashimo meusi yaliyopindapinda ni njia za funza wa fukusi. Mizizi iliyooza na kuwa myeusi huonyesha minyoo ya mizizi. Ili kunasa fukusi, pasua kipande cha shina lililovunwa, kilaze upande uliokatwa chini karibu na mgomba, kisha okota na kuua fukusi waliojificha humo. Mbegu unayopanda iparue tunguu lake hadi liwe jeupe, ulitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, halafu panda.

7. Shamba lako linalindwa na jirani yako

Wilaya yetu inapakana na Burundi na Rwanda, na machipukizi huvuka mipaka pamoja na ndugu na wakwe. Nyuki nao hawaulizi mpaka. Zawadi ya chipukizi ni jambo jema, ila ulizia shamba lilikotoka.

Ndugu mkulima, ukiona dalili, usifiche kwa aibu. Mwite jirani, mwite afisa ugani, pasueni shina pamoja. Mkulima mmoja akitoa ua dume na wenzake wasitoe, wote tutapoteza. Kitongoji kizima kikitoa, migomba yetu itabaki.