Somo la Sayansi Kando ya Gari Kuukuu: Kurekebisha Kabureta

Mwalimu mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, aghalabu hulalamika kwamba shule haina vifaa vya sayansi. Pengine wakati uo huo gari kuukuu la jirani limeegeshwa nje ya ofisi, na ndani ya boneti yake mna kifaa bora kabisa. Magari mapya hayana kabureta tena. Petroli hupulizwa kwa kipimo na mitambo iongozwayo kwa umeme. Lakini gari kama Land Rover Series III ya petroli, iliyotengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985, lina kabureta iwezayo kurekebishwa nyumbani kwa bisibisi moja.

Mwalimu sharti aelewe jambo lenyewe kwanza. Ndani ya kabureta mna koo jembamba. Hewa ivutwayo na injini ipitapo hapo huongeza mwendo, kani yake ya kusukuma hupungua, na petroli hufyonzwa kupitia kitundu kidogo. Gramu moja ya petroli huhitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue vema. Petroli ikizidi, mchanganyiko huitwa mzito: plagi huota masizi, na moshi huwa mweusi. Ikipungua, mchanganyiko huwa mwepesi, na injini hukohoa hata ikazimika. Injini ingurumapo taratibu bila kukanyagwa mafuta, petroli hupita katika njia ndogo ya pembeni, nayo huongozwa na skrubu ya mchanganyiko. Skrubu ya pili huongoza mwendo wa injini tu.

Kabla ya somo, fundi akague plagi na chujio la hewa, maana kabureta husingiziwa makosa mengi yasiyo yake. Gari lisimame nje, mahali tambarare, gia ikiwa huru, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa kwenye magurudumu. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kwa hiyo injini isiwashwe kamwe ndani ya banda. Mwalimu achore mstari ardhini, hatua kumi ubavuni mwa gari, na mwanafunzi yeyote asiuvuke. Skrubu igeuzwe na mtu mzima peke yake, mikono ikiwa mbali na feni.

Injini iachwe ipate joto na choki irudishwe. Kisha skrubu ya mchanganyiko igeuzwe robo mzunguko, isubiriwe kidogo, isikilizwe, ndipo igeuzwe robo nyingine. Katika kabureta nyingi za aina hii, kukaza hupunguza petroli na kulegeza huiongeza. Ziko zilizo kinyume, basi fundi aulizwe. Isikazwe kwa nguvu hadi mwisho, kwani ncha yake huharibika. Mahali pale injini ingurumapo kwa kasi na ulaini kupita kwingine ndipo patakiwapo. Hapo skrubu ya mwendo hulegezwa ili injini itulie, na ile ya kwanza hujaribiwa tena.

Nilipata kukaa nyuma ya darasa la sita nikimtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha somo hili. Aliuliza: “Nikikaza skrubu, itakuwaje?” Msichana mmoja, ambaye kaka yake alikuwa na pikipiki, alijibu kwamba injini ingekwenda mbio kwanza, kisha ingekwama. Mwalimu akamkatiza: “Hapana, petroli inapungua, basi itapunguza mwendo.” Akakaza. Injini ikaenda mbio. Mchanganyiko ulikuwa mzito tangu mwanzo, na kuupunguza kuliusogeza kwenye kipimo chake. Mwalimu hakusema neno, akaendelea na andalio lake. Msichana yule hakunyosha mkono tena siku ile, na nadhani nisingenyosha hata mimi.

Kwa sababu hiyo nawasihi wanachuo wasimwambie mwanafunzi jibu kabla ya injini kulisema. Kila mmoja aandike ubashiri wake daftarini kabla ya kila robo mzunguko, na kando yake aandike alichosikia: mbio, polepole, inatetemeka, imezimika. Skrubu mbili zisiguswe kwa pamoja, la sivyo hakuna atakayejua ni ipi iliyoleta badiliko. Ubashiri ukishindwa, hasa ule wa mwalimu, asimame hapo hapo na kuuliza kwa nini. Dakika tano zitakazopotea katika andalio si hasara.

Swali la kumalizia lafaa liwe hili: gari lililorekebishwa Dar es Salaam, kando ya bahari, likipanda hadi Mbeya, karibu mita 1,700 juu, ambako hewa ni nyepesi zaidi, mchanganyiko wake utakuwa mzito au mwepesi? Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi, kisha yajadiliwe kipindi kifuatacho.