Milimita 50 nizifanyie nini?

SWALI: Kila masika redio hutangaza mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Mimi ni mama lishe, kibanda changu kiko Jangwani. Kwa nini wasiseme tu maji yatafika wapi?
Mama lishe, Dar es Salaam

JIBU: Una haki, mama. Milimita hizo zikinyesha kwenye mashamba yenye kiu ni neema. Zikimiminika bonde la Msimbazi, barabara ya Jangwani hufungwa na mabasi ya mwendokasi husitisha safari. Ndiyo maana Uingereza ilianza kutoa tahadhari zinazozingatia athari mwaka 2011: rangi ya tahadhari hutokana na uwezekano wa tukio na ukubwa wa madhara kwa pamoja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani likatoa mwongozo wake wa tahadhari za aina hiyo mwaka 2015.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) nao siku hizi hutaja athari, ila kwa maneno ya jumla mno kwa mtu wa Jangwani. Naunga mkono waende mbali zaidi, lakini si peke yao. Mtabiri hajui kalavati lipi limezibwa na taka; mwenyekiti wa mtaa anajua. Wakae meza moja. Na namba zisifutwe: nahodha wa jahazi anataka mita za mawimbi ajipimie mwenyewe.

Wewe ukisikia angalizo, hamisha jiko na unga mapema, hata kama kwako kukavu. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, na mvua ya huko hukufikia bila hodi.