Gari halina nguvu, taa ya injini haijawaka

SWALI: Gari langu la petroli linachoka mlimani, ila taa ya injini haijawaka. Je, kifaa cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu kitanisaidia?

JIBU: Kitakusaidia, mradi urekodi namba injini ikifanya kazi, usiishie kutafuta misimbo ya hitilafu. Taa huwaka kasoro inapovuka kikomo alichoweka mtengenezaji. Kabla ya hapo kompyuta ya injini huifidia kwa kuongeza au kupunguza mafuta, na programu ya simu huonyesha marekebisho hayo kwa asilimia. Yakikaa karibu na sifuri, shwari. Yakipita 10 na kubaki huko, kuna jambo. Injini ikishapata moto, rekodi gari likiwa limesimama, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Asilimia ya kuongeza mafuta ikiwa kubwa injini ikiwa imetulia, ikashuka ukikanyaga mafuta, shuku mpira uliopasuka unaopenyeza hewa. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu, chujio la mafuta au kihisi cha hewa kichafu.

Wapo wanaolalamika kwamba vifaa vya bei nafuu husoma polepole. Ni kweli, lakini ukichagua vipimo vinne tu, kasi yake inatosha kwa kazi hii. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Marekani ililazimisha mfumo unaosomwa na kifaa hiki kuanzia magari ya 1996, ilhali baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la Japani hayaitikii. Basi jaribu kifaa kwenye gari lako kabla ya kulipa. Na fundi bado unamhitaji: namba humwelekeza pa kupima, ili asibadilishe vipuri kwa kubahatisha.