Taipureta tatu kwa rafu moja

SWALI: Nina rafu moja tu, na mke wangu ameniwekea mpaka: taipureta za mkononi tatu, basi. Nichague zipi?

JIBU: Ndugu yangu, tatu zinatosha kabisa zikiwa za tabia tofauti. Anza na Olivetti Lettera 22, iliyobuniwa na Marcello Nizzoli na kutoka Italia mwaka 1950. Ni nyembamba na inabebeka kirahisi. Ya pili, Hermes Baby ya Uswisi, ya tangu 1935, ndogo kuliko zote tatu. Ya tatu, Olympia SM3 ya Ujerumani: nzito zaidi, lakini ndiyo ningeichapia barua ndefu.

Kabla ya kulipa, ingiza karatasi, bonyeza kila herufi, kisha chapa nukta kadhaa. Zikitoboa karatasi, mpira wa rola umekauka. Vyuma vya herufi vikinata, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Huondoka kwa spiriti na mswaki. Usiongeze mafuta hapo, nakusihi! Utepe usikusumbue, hubadilishwa. Lakini fremu iliyopinda, iache hata kama bei ni ya bure.