Uvimbe wa Mtoto: Upigwe Picha Kabla ya Kupigwa Chuku

Uvimbe mwingi unaoota kwa watoto si saratani. Huwa ni jipu, tezi, au damu iliyovilia baada ya mtoto kuanguka. Lakini upo mmoja unaofanana na hayo yote: rabdomayosakoma, saratani ya chembe changa za misuli. Kati ya saratani za tishu laini, hii ndiyo inayowapata zaidi watoto. Huota pembeni mwa jicho, shingoni, kwenye kibofu na sehemu za siri, au mkononi na mguuni. Mara nyingi hauumi, na hapo ndipo wazazi tunapodanganyika.

Uvimbe ukikataa dawa ya kupaka, wapo wanaoukanda, wanaouchanja, na wanaoupiga chuku. Hijama ina mahali pake, lakini si juu ya uvimbe usiojulikana. Kidonda na damu vikishachanganyika na uvimbe, hata picha inakuwa vigumu kuisoma.

Picha ya kwanza ni altrasaundi. Haina mionzi, haiumi, na inatofautisha usaha au maji na nyama ngumu. Eksirei inaona mfupa vizuri lakini nyama haiichambui. MRI ndiyo inayoonesha uvimbe umegusa misuli gani na mishipa ipi, na CT-skani ya kifua hutafuta kama ugonjwa umefika mapafuni. Ukubwa hupimwa pia, kwani uvimbe unaozidi sentimeta 5 huhesabiwa kuwa wa hatari zaidi.

Siku hizi watafiti wanaifundisha kompyuta kuchambua picha hizo, ikipima weusi na weupe wa kila nukta, umbo na mkwaruzo wa uvimbe, ili isaidie kutambua aina yake na kama dawa inafanya kazi. Ni jambo la kutia moyo, ila ugonjwa wenyewe ni adimu, hivyo picha za kuifundishia ni chache, na mashine za hospitali hazifanani. Kwa hiyo jina la ugonjwa bado linatokana na kipande cha nyama kinachopimwa maabara. Mfano uko karibu: mwaka 1958 Dkt. Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Saratani hiyo ipo pia Kanda ya Ziwa, na inaweza kumtokeza mtoto jicho kama hii tunayoizungumzia. Matibabu yake ni mengine kabisa.

Mzazi wa Rusumo aanzie hospitali ya wilaya, Ngara au Biharamulo. Akipewa rufaa ya Bugando, Mwanza, safari ni ndefu, ingawa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Abebe picha zote na majibu yake, kwani bila picha ya kwanza daktari hana cha kulinganisha baada ya dawa.

Akina mama, kuna hili la aibu. Binti mdogo akitokwa na damu au kinyama sehemu za siri, asifichwe. Sheria yetu inaruhusu kufunua kwa ajili ya tiba, kwa kiasi cha haja. Mnaweza kuomba mpimaji mwanamke. Akikosekana, msiahirishe kipimo.