Moyo Husikia Pumzi

Karatasi za mtihani zinapogawiwa, moyo wa mwanafunzi huenda mbio hata akasahau aliyoyasoma. Ukiuamuru mkono uinuke, huinuka. Ukiuamuru moyo upunguze mwendo, hausikii. Lakini moyo husikia pumzi. Jaribu uone.

Keti kimya. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika moja, uandike katika daftari. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100.

Sasa vuta pumzi polepole ukihesabu hadi 4, uitoe ukihesabu hadi 6. Usiviondoe vidole: utahisi mapigo yakiharakisha uvutapo pumzi, na kupungua mwendo uitoapo. Endelea dakika tano, uhesabu tena, uandike. Ukiona kizunguzungu, acha.

Sababu ni nini? Mshipa wa fahamu utokao ubongoni hadi moyoni hufanya kazi kama breki za malori tuyaonayo hapa Tunduma yakielekea Zambia. Utoapo pumzi breki hukaza, uvutapo hulegea.

Wataalamu wa Marekani, walioanzisha chama cha utafiti huu mwaka 1969, walitumia mashine kumwonyesha mtu mapigo yake, naye akajifunza kuyatuliza. Jambo lisiloonekana ni vigumu kulirekebisha. Kwetu sisi, saa na daftari vyatosha.

Basi anza leo, wala usingoje siku ya mtihani. Lakini mwenye maradhi ya moyo amwone daktari. Zoezi hili si dawa.